Mtoto Apendaye Hesabu Achague Masomo Gani?

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, mjini Nairobi, wako watoto wengi wenye kipawa cha hesabu. Atakaye kuwaona na aende soko la Toi au soko la Kawangware wakati wa jioni, awatazame watoto wanaowasaidia mama zao kuuza nyanya na vitunguu. Hujumlisha, hutoa, na kurudisha chenji kabla mnunuzi hajafunga mkoba wake. Wazazi wao husema kwa furaha, "Huyu atakwenda Chuo Kikuu kusomea hesabu." Maneno hayo ni mema, lakini kipawa peke yake hakimfikishi mtu Chuo Kikuu. Mlango wake huanza kufunguliwa au kufungwa mapema, mtoto angali na miaka 14 au 15, siku ile ajazapo fomu ya kuchagua masomo. Kwa hiyo yafaa mzazi aielewe fomu hiyo kabla ya kutia sahihi yake.

MPANGO ULIVYO SASA

Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia katika sekondari ya juu, chini ya mpango mpya wa elimu. Hao ndio waliofanya mtihani wa KJSEA kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Katika kuwapangia shule, mtihani huo ulihesabiwa asilimia 60, mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20, na kazi zilizopimwa na walimu shuleni asilimia 20. Basi mzazi asingoje Gredi ya 9 ndipo aanze kuuliza habari za masomo ya mtoto wake, maana sehemu ya alama huwa imekwisha kuandikwa zamani.

Njia za kuchagua ni tatu: ya kwanza ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambayo watu huiita STEM, ya pili ni ya sayansi za jamii, na ya tatu ni ya sanaa na michezo. Kila mwanafunzi hujifunza Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na huduma kwa jamii. Juu ya hayo huongeza masomo matatu ya kuchagua. Atakaye shahada ya hisabati, njia yake ni STEM.

HISABATI ZA NAMNA MBILI

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Wasikiapo kwamba kila mwanafunzi lazima asome Hisabati, hudhani kuwa Hisabati ni moja tu. Sivyo. Katika karatasi za Wizara ziko mbili: Core Mathematics, ambayo ni nzito na ndiyo ya wanafunzi wa STEM, na Essential Mathematics, ambayo ni nyepesi na imetengenezwa kwa wale wa njia nyingine mbili. Hiyo nyepesi yafaa kwa mahitaji ya maisha, lakini haikukusudiwa kumwandaa mtu kwa shahada ya hisabati.

Jambo hili si geni. Katika mtihani wa KCSE, ambao kwa mpango wa zamani umepangwa kumalizika mwaka 2027, zimekuwako Hisabati A na Hisabati B. Vyuo vikuu, katika masomo yanayotegemea hesabu, vimekuwa vikidai Hisabati A. Hiyo ndiyo yenye matriksi, vekta, trigonometria, na mwanzo wa kalkulasi, yaani hesabu za kupima jinsi vitu vinavyobadilika. Mtu aliyefanya Hisabati B akapata alama nzuri kabisa, hakuweza kuibadilisha iwe A kwa sababu ya uzuri wa alama zake. Basi mzazi na asome jina zima la somo, asitosheke kuona neno Hisabati.

MASOMO YA KUONGEZA

Katika masomo matatu ya kuchagua, la kwanza liwe Fizikia. Fizikia na hisabati ni kama jembe na mpini: mwanafunzi ahesabupo mwendo wa jiwe lililotupwa au nguvu za umeme, hesabu za darasani humpata kazi, naye huona maana yake. La pili liwe Somo la Kompyuta, ikiwa shule ina mashine na mwalimu, kwa kuwa hisabati nyingi za siku hizi hufanywa kwa kompyuta. La tatu laweza kuwa Kemia, nayo humwachia mtoto njia ya kugeukia uhandisi akibadili nia.

Tena asikidharau Kiingereza. Watu wengine husema kwamba mtoto wa hesabu hana haja ya lugha. Hayo ni makosa, kama tutakavyoona.

HESABU ZA CHUO KIKUU NI NINI?

Wengi hufikiri kwamba Chuo Kikuu hujifunza hesabu zile zile za shule, ila zenye tarakimu nyingi zaidi. La. Huko kazi kubwa ni kuthibitisha, yaani kuonyesha kwa hoja kwa nini jambo ni kweli siku zote.

Mpe mtoto vifuniko vya soda. Aweke 1, aongeze 3, atapata 4. Aongeze 5, atapata 9. Aongeze 7, atapata 16. Ataona kuwa kila mara vifuniko vyaweza kupangwa katika mraba: 2 kwa 2, 3 kwa 3, 4 kwa 4. Mwenye kuhesabu tu atafurahi, kisha ataondoka. Mwanahisabati atauliza: je, itakuwa hivyo daima? Atatazama mraba wa 3 kwa 3, ataona kwamba ili kuukuza uwe wa 4 kwa 4 yahitajiwa vifuniko 3 ubavuni, 3 juu, na 1 pembeni, jumla 7. Mraba wowote hukua hivyo: upande mara mbili, na kimoja cha pembeni, ndiyo namba witiri inayofuata. Basi itakuwa hivyo daima, hata bila kuhesabu. Hoja kama hiyo huandikwa kwa maneno yaliyonyoka, na katika vyuo vyetu huandikwa kwa Kiingereza.

Mtoto apendaye kuuliza "kwa nini?" asikaripiwe. Huyo ndiye anayetafutwa, awe mvulana au msichana. Mwaka 2014 Maryam Mirzakhani, mwanamke aliyezaliwa Iran, alipata nishani ya Fields, ambayo ni heshima kubwa kuliko nyingi katika hisabati duniani.

MASWALI YA KUULIZA SHULENI

Kibera na Kawangware zina shule nyingi ndogo za watu binafsi, za makanisa na za jamii. Walimu wake hufanya kazi kwa bidii, lakini maabara ni ghali, na si kila shule inayo. Kwa hiyo mzazi, kabla ya kuchagua shule ya sekondari ya juu, aulize waziwazi: Je, mnafundisha Core Mathematics? Yuko mwalimu wa Fizikia, au jina la somo liko ukutani tu? Wanafunzi hufanya majaribio kwa mikono yao? Kuuliza si utovu wa adabu, na mwalimu mkuu mwema hatakasirika. Hata ada iwe nafuu namna gani, shule isiyo na masomo hayo itamgharimu mtoto huyo zaidi.

Nyumbani, chumba kikiwa kimoja na makelele mengi, mtoto apelekwe maktaba. Maktaba ya Taifa ina tawi lake Kibera.

KAZI ZAKE

Mtu akiuliza, "Hesabu zitampa mtoto ugali?" jibu ni ndiyo. Wenye shahada hiyo hufundisha shule, hufanya kazi katika mabenki na kampuni za bima, na katika Shirika la Taifa la Takwimu. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha hisabati, takwimu, na hesabu za bima huko Chiromo, mahali ambapo si mbali na Kawangware. Na atakaye kuendelea mbele iko Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003, na yenye kituo Rwanda tangu 2016. Husomesha vijana wa Afrika shahada ya pili kwa ufadhili.

Wazee wetu walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenye mtoto wa Gredi ya 8 au ya 9 na akae naye jioni moja wiki hii, wasome pamoja majina ya masomo, kisha aende shuleni akaulize. Fomu ikiisha kupelekwa, kuirudisha ni kazi ngumu.