Istilahi za Magari ya Skeli: Tulipokosea na Tunachopendekeza

Uundaji wa istilahi umezoeleka kuwa ni kazi ya ofisi, mahakama, maabara na darasa. Ni nadra afisa wa istilahi kuulizwa habari za mtu mzima aketiye mezani kwake jioni akiunda gari lenye urefu wa kiganja. Hata hivyo, mtu atumiaye Kiswahili mchana kazini, kisha akalazimika kukiweka kando jioni ashikapo kazi aipendayo, amekifanya kuwa sare ya kuvaliwa ofisini tu. Lugha ya taifa haina budi kumfuata mwenyeji wake hata katika burudani yake.

Makala haya yametokana na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita nililetewa tafsiri ya karatasi ya maelekezo ya kuunda gari la namna hiyo, niikague. Kiswahili chake kilikuwa laini, nami nikaipitisha. Baada ya muda kijana aliyeitumia alifika na karatasi mkononi. Maelekezo yalimwambia apake gundi, akapaka kwa ukarimu kama apakavyo fundi wa mbao. Mlango ukajikunja na kioo cha mbele kikaingia ukungu. Aliambiwa afanye kazi "mahali penye upepo," na mstari wa pili ukamwonya ajihadhari na vumbi. Kwa kuwa upepo ndio uletao vumbi, alifunga madirisha yote. Alilala na maumivu makali ya kichwa. Hakuna neno hata moja katika karatasi ile lisilokuwamo katika kamusi, na bado karatasi ilimdhuru msomaji wake.

Kabla ya kukipa kitu jina, sharti tukijue kitu chenyewe. Tuchukue mfano mmoja. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa seti ya kuunda Datsun 240Z, gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Mnunuzi hupata sandukuni vipande vya plastiki ngumu iitwayo polistairini, matairi, vioo, na karatasi ya namba na majina ya kubandikwa ubavuni. Kazi yake ni kuvikata vipande, kuvisugua kwa msasa, kuviunga na kuvipaka rangi, hata gari lililo mezani lifanane na lile lililoonekana njiani.

Neno la kwanza ni skeli. Wafasiri wengine wameandika "mizani," wengine "kipimo." Mizani hupima uzito, na kipimo ni jina la kila kitu kipimwacho au kipimiwacho. Walimu wa jiografia na hisabati wamekwisha kutuzoeza "skeli" katika ramani na michoro, na jambo hili ni lile lile. Katika Datsun iliyotajwa, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,305. Kwa skeli ya 1:24, isomwayo "moja kwa ishirini na nne," umbali huo huwa milimita 96. Skeli hii imetokana na vipimo vya Kiingereza, inchi moja ikiwakilisha futi mbili. Skeli ya 1:43 nayo ilirithiwa kutoka treni ndogo za kuchezea, ambazo milimita 7 ziliwakilisha futi moja. Mfasiri akumbuke kwamba skeli ya 1:12 ni kubwa kuliko ya 1:24, ingawa tarakimu yake ni ndogo. Mwanafunzi anayekosea hapa ndiye yule yule akoseaye katika ramani.

Swali gumu zaidi ni jina la kitu chenyewe. "Modeli" halifai, kwani katika Kiswahili cha barabarani modeli ya gari ni toleo lake au mwaka wake. Mtu akiandika katika hati ya forodha kwamba ameagiza "modeli ya Datsun ya 1971," karani ana haki ya kumwuliza namba ya injini. "Mfano wa gari" ni maneno mapana mno, na "kigari" tumekwisha kulitumia kwa mkokoteni na mfano wake. Jawabu tumelipata kwa watoto. Mtoto aliyekunja waya na kukata ndala kuukuu ili apate magurudumu husema amelitengeneza "gari la waya," na mwenziwe husema "gari la makopo." Hakuna aliyewahi kudhani kuwa magari hayo hutia petroli. Basi tumefuata kanuni yao, tukasema gari la skeli. Jina hili pia linatenga maana: gari la waya hufuata jicho la mtoto, bali gari la skeli hufungwa na hesabu.

Vipande vya plastiki hutoka kiwandani vikiwa vimeshikamana na fito nyembamba za plastiki hiyo hiyo. Mwenye kuvitazama hukumbuka ndizi. Tunapendekeza fito pamoja na vipande vyake ziitwe chane, na kishikizo chembamba kinachounga kipande na ufito kiitwe kikonyo. Maelekezo huweza kusema kwa ufupi: "Kata kikonyo, kisha sugua kovu lake kwa msasa." Msomaji yeyote ataelewa bila kufunua kamusi.

Sasa tufike kwenye gundi iliyotuponza. Gundi ya mbao au karatasi hukaa katikati ya vitu viwili na kuvishikamanisha. Gundi ya polistairini haifanyi hivyo. Huilainisha plastiki ya pande zote mbili, plastiki hizo zikachanganyika, kisha umajimaji wake ukavukiza na kuacha kitu kimoja. Ikizidi, hula kipande chenyewe. Kwa hiyo neno "gundi" peke yake linamdanganya mtumiaji kuhusu kiasi. Tunapendekeza gundi yeyushi, ili onyo liwe ndani ya jina. Na kwa kuwa mvuke wake hudhuru, maneno "mahali penye upepo" yafutwe. Iandikwe: "Fanya kazi katika chumba ambacho hewa inaingia na kutoka, fungua madirisha." Hapa tungependa kuweka kanuni: katika onyo la usalama, mfasiri asijaribu istilahi mpya. Atumie sentensi kamili na maneno ambayo mtoto wa shule ya msingi anayajua.

Katika rangi, gereji zetu zimekwisha kutufanyia sehemu kubwa ya kazi. Boneti, bampa, dashibodi, chasisi, plagi, kupuliza rangi: haya hayahitaji kikao cha Baraza. Kwa rangi ya chini inayosaidia rangi ya juu ishike, mfasiri mmoja aliandika "rangi ya msingi," nasi tukakataa, kwa sababu walimu wa sanaa huita nyekundu, buluu na manjano rangi za msingi. Mafundi husema praima, tuwafuate.

Lipo tendo moja lisilo na jina gereji. Gari la skeli likikwisha kupakwa rangi, mistari ya milango na boneti hupotea machoni. Muundaji huchukua rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, akaiacha itiririke ndani ya mistari hiyo, kisha akafuta iliyomwagika kando. Uso wa gari hudhihirika mara moja, kama jicho lililotiwa wanja. Tumeona hakuna sababu ya kutafuta mbali: tendo hilo ni kutia wanja.

Halafu lipo suala la uchakavu. Datsun ya mwaka 1971 haikufika mwisho wa mashindano ikimeremeta. Muundaji hodari huongeza vumbi jekundu, matope nyuma ya matairi na mikwaruzo ya kokoto. Wengine wamependekeza "kuzeesha," lakini gari lile halikuwa zee, lilikuwa limetumika. Neno lifaalo ni kuchakaza.

Mwisho ni lile kosa ambalo hata wafasiri wazoefu hulifanya. Tumeona imeandikwa kwamba muundaji "huongeza maelezo katika injini." Maelezo huandikwa au husemwa, injini haiongezewi maelezo. Wengine wameandika "nakshi." Nakshi ni pambo analoliweka fundi kwa hiari yake, lakini muundaji anapounga nyaya ndogo za plagi katika injini ya skeli hapambi. Anaonyesha kilichomo katika gari halisi. Tunapendekeza undani: "kutia undani katika injini," "gari lenye undani mwingi." Tofauti hii ina maana katika kazi yenyewe, kwa kuwa muundaji husifiwa kwa ukweli wa alichokiweka, si kwa wingi wake.

Kwa muhtasari, mapendekezo ni haya:

skeli: uwiano kati ya kipimo cha kitu kilichoundwa na kipimo cha kitu halisi.
gari la skeli: gari dogo lililoundwa kwa kufuata uwiano huo.
chane: fito za plastiki pamoja na vipande vilivyoshikamana nazo.
kikonyo: kishikizo cha kipande na ufito.
gundi yeyushi: gundi iungayo plastiki kwa kuilainisha.
praima: rangi ya chini ishikizayo rangi ya juu.
kutia wanja: kudhihirisha mistari kwa rangi nyeusi iliyozimuliwa.
kuchakaza: kutia dalili za matumizi.
undani: sehemu ndogo ndogo za kitu halisi zilizoonyeshwa katika kilichoundwa.

Maneno haya bado hayajasanifiwa. Tunawaomba wafasiri wayajaribu, walimu wa sanaa na ufundi wayapime mbele ya wanafunzi, na mwenye neno bora atuandikie. Yule kijana, kwa upande wake, amekubali kuisoma karatasi mpya kabla haijapigwa chapa. Tulipaswa kumpa karatasi ya kwanza vivyo hivyo.