Kwa nini mbio za kuruka viunzi na maji zina asili ya farasi?

Katika Wilaya ya Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, farasi ni mnyama adimu. Hata hivyo, mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, zilizoipatia Afrika Mashariki medali nyingi za Olimpiki, zina asili ya farasi.

Zilianzaje?

Inasimuliwa kuwa mwaka 1752 wapanda farasi wawili nchini Ireland walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi la Doneraile. Waliongozwa na mnara wa kanisa, wakiruka kuta na mitaro iliyowakabili. Katikati ya karne ya 19, wanafunzi wa Oxford, Uingereza, walianza kushindana hivyo kwa miguu.

Kwa nini farasi hawakuenea hapa?

Mbung'o hueneza nagana kwa wanyama na malale kwa binadamu. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale iliwafanya watawala wa kikoloni kuwahamisha wakazi wa bonde la Luapula na mwambao wa Mweru. Farasi, ambaye nagana humuua upesi, hakuweza kustawi.

Nani wametamba kwa miguu?

Tangu ushindi wa Amos Biwott mwaka 1968, Kenya ilitwaa dhahabu ya wanaume katika kila Olimpiki iliyoshiriki, hadi Soufiane El Bakkali wa Morocco alipoivunja desturi hiyo Tokyo mwaka 2021. Huko huko, Peruth Chemutai alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Hatari iko wapi?

Mwanariadha huruka viunzi mara 28 na dimbwi la maji mara 7. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimita 91.4, cha wanawake, 76.2. Tofauti na viunzi vya mbio fupi, hiki hakianguki kikigongwa. Anayeanguka ni mkimbiaji. Paris mwaka 2024, Lamecha Girma wa Ethiopia, mwenye rekodi ya dunia, alianguka mzunguko wa mwisho na kutolewa kwa machela. Mwaka huo huo, mbio za farasi za Grand National, Uingereza, zilipunguza washiriki kutoka 40 hadi 34 kwa ajili ya usalama.

Kwa hiyo, kijana wa Nchelenge anayetamani mbio hizi hahitaji farasi. Anahitaji mwalimu, ardhi laini, na kiunzi chepesi kinachoanguka, kabla ya kulikabili gogo lisilosogea.