Wanyaturu, Wanervii na kalamu ya mvamizi

Mwaka 57 kabla ya Kristo, Julius Caesar, jemadari wa Roma, aliingia nchi ya Wanervii, kabila la Wagallia lililokaa sehemu ambazo leo ni Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa. Kilichomkera mapema ni nyua zao. Walikunja miti michanga, wakaotesha miiba katikati, ukatokea ua ambao farasi hapiti wala jicho halipenyi. Mtu wa Singida, aliyekulia kati ya nyua za minyaa na maboma ya miiba, hahitaji kuchorewa picha.

Wanervii walimvamia kando ya mto Sabis askari wake wakiwa bado wanajenga kambi. Hali ikawa mbaya hadi Caesar, anayejisimulia kitabuni kana kwamba ni mtu mwingine, akampokonya ngao askari wa safu ya nyuma na kukimbilia mbele. Alishinda. Kisha akaandika kuwa kati ya wanaume 60,000 wa kushika silaha walibaki 500 tu, na kati ya wazee 600 wa baraza walibaki watatu. Miaka mitatu baadaye Wanervii haohao waliizingira kambi ya Quintus Cicero, ofisa wake. Ama Caesar aliongeza chumvi, ama makaburi ya Gallia yalikuwa na milango.

Wanyaturu wa Singida, au Warimi kama wanavyojiita, nao waliingia vitabuni kwa mtindo huo, kwa kalamu ya mvamizi. Januari 1875 mpelelezi Henry Morton Stanley alifika na msafara wake Vinyata, katika nchi aliyoiita Ituru. Siku za mwanzo mganga wa hapo alimletea ng'ombe mnono, kisha akaomba apewe moyo wa ng'ombe huyo. Mara zikasikika kelele za vita. Stanley akajenga boma la miiba, akatuma vikosi vinne vikapigane na kuchoma vijiji, na kimoja, cha Farjalla Christie, kikafyekwa karibu chote. Alipoondoka alikuwa amepoteza watu zaidi ya 20. Kitabu chake kilitoka mwaka 1878, na ndani yake yeye ndiye mgeni mwema aliyechokozwa. Hakuna Mnyaturu aliyeulizwa.

Wajerumani walipofika, wakiwa na maboma Kilimatinde na Mkalama, walikutana na tatizo ambalo Caesar hakuwa nalo sana. Wagallia walikuwa na wakuu wa kufanya nao mapatano, kuwateka au kuwanunua. Wanyaturu hawakuwa na mtemi mmoja wa nchi nzima. Mambo yaliamuliwa na wazee wa koo. Ukimkamata mzee wa kijiji hiki, cha jirani hakijatikisika. Dawa ya wakoloni ikawa kuweka majumbe wao wenyewe.

Hapo ndipo anapotokea Liti. Simulizi za Singida zinamtaja Liti Kidanka, pia Leti Hema, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani kati ya 1903 na 1908 kwa kuwaachia nyuki. Msomaji wa mjini anaweza kutabasamu. Mrina asali hatatabasamu. Nyuki wetu akichoma huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake waje kuchoma palepale. Askari aliyebeba bunduki na shehena, akitokwa jasho, hana pa kulenga. Katika mkoa unaosifika kwa asali hadi leo, hilo ni jeshi lililokuwa tayari limetundikwa mitini.

Waandishi waliofuata walikuwa makini kuliko Stanley. Ofisa wa Kijerumani, Eberhard von Sick, alichapisha maelezo marefu kuhusu Wanyaturu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Harold Schneider, Mmarekani, alitoa mwaka 1970 kitabu juu ya uchumi wa Wahi, mojawapo ya makundi yao. Marguerite Jellicoe aliandika mwaka 1969 kuhusu upinzani wa Wanyaturu, na mwaka 1978 akatoa kitabu juu ya mabadiliko ya jamii hiyohiyo ya Wahi. Hizo ni kazi za maana, na ya Jellicoe hasa inastahili kusomwa Singida. Lakini moja iko kwa Kijerumani na nyingine kwa Kiingereza, kama vile habari za Wanervii zilivyobaki katika Kilatini cha aliyewapiga.

Liti alihifadhiwa kwa njia nyingine: kwanza midomoni, halafu kwenye soka. Uwanja wa mjini Singida, uliojulikana zamani kama Namfua, sasa unaitwa Liti, na mechi za Ligi Kuu zimetangazwa redioni kutoka hapo kwa jina hilo. Ambiorix, kiongozi wa Waeburoni, majirani wa Wanervii, aliyemtoroka Caesar na asipatikane tena, alisubiri hadi mwaka 1866 ndipo akasimamishiwa sanamu katika mji wa Tongeren, Ubelgiji. Ni miaka kama 1,900. Liti alisubiri kidogo zaidi ya karne moja.