Asali, Sukari na Heshima ya Mgeni

Katika Kibugu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya juu ya mji wa Embu, wazee wa zamani hawakuwa na desturi ya kumaliza chakula kwa kitu kitamu. Utamu ulikuwa na nyakati zake na wenyewe. Mtoto alijipatia ndizi mbivu au kipande cha muwa, wala hakuna aliyehesabu. Asali ndiyo iliyokuwa na cheo. Nyingi ilitoka chini, katika nchi kavu ya Mbeere yenye migunga, nayo ilipatikana kwa jasho: gogo lilichongwa likawa mzinga, likapandishwa mtini, na mvunaji akapanda gizani na moshi wake, akivumilia miiba ya nyuki. Kitu kama hicho hakikulambwa ovyo. Kilikwenda katika pombe ya wazee, na katika mahari.

Sukari ilikuja kwa njia nyingine. Boma la Embu lilijengwa mwaka 1906, na mwaka 1922 kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kikaanza kusaga miwa. Hata hivyo walioionja sukari kila siku kwanza walikuwa watu wa mshahara: makarani, waalimu, na wapishi wa Wazungu. Wakulima wengi waliifikia baadaye, hasa baada ya Waafrika wa Embu, Meru na Kisii kuruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930.

Wapishi hao waliona pudini, kastadi na jeli zikipelekwa mezani baada ya nyama, wakadhani ndivyo Waingereza wote walivyokula tangu zamani. Sivyo. Zamani jeli ilipatikana kwa kuchemsha miguu ya ndama saa nyingi na kuichuja kwa kitambaa. Nyumba isiyo na watumishi ingeipataje? Kastadi nayo ilitaka mayai, mpaka mwaka 1837 Alfred Bird wa Birmingham, ambaye mkewe alidhurika na mayai, alipotengeneza unga wa kastadi usio na yai. Mwaka 1874 ushuru wa sukari ulifutwa katika Uingereza. Kisha jeli ikaja dukani tayari, ya kutiwa maji ya moto tu, na fahari yake ikaisha: ikawa chakula cha watoto.

Katika Kibugu kilichoshuka cheo ni chakula cha nyumbani. Mgeni mwenye viatu alipoonekana njiani, viazi vitamu na nduma vilifunikwa, na mtoto akatumwa mbio dukani kuleta mkate na sukari. Chai ilikolezwa kupita kiasi, maana chai isiyo tamu ilihesabiwa kuwa uchoyo. Mkate ukaliwa kwa adabu, na huku harufu ya nduma inatoka jikoni, na pengine mgeni mwenyewe anaitamani! Fedha iliyotoka kwa ajili ya heshima hiyo ya saa moja mara nyingine ilikuwa ndiyo iliyowekewa karo.

Siku hizi hoteli za Nairobi huwaandalia wageni wenye fedha nduma na viazi vitamu asubuhi, na asali huuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya bei ya sukari. Ndiyo sababu wako wachuuzi wanaoichanganya na maji ya sukari. Mwenye kisukari asidanganyike: hata asali safi ni sukari mwilini mwake.

Harusini mambo yote mawili hukutana. Keki nyeupe yenye ghorofa husimama mbele ya watu, ikakatwa, na wazazi wa pande zote mbili wakapewa sehemu yao kwa heshima. Asali ya mahari nayo hutajwa bado katika mazungumzo ya wazee, mitungi ikahesabiwa mmoja mmoja. Lakini mara nyingi kinachopokewa mkononi ni noti.