Kuzima Wi-Fi Hakuifanyi Gemu Kuwa Yako

Hapa Kilifi swali ni lilelile, liwe limetoka Bofa, Mnarani au Malindi mjini: "Nimeuziwa gemu ya PS mtandaoni kwa bei nafuu. Nikizima Wi-Fi nisiiwashe tena, si itabaki yangu?" Haibaki, kwa kuwa haikuwa yako tangu siku ya kwanza. Majibu ya mkato hayajasaidia, maana nyuma ya swali hili kuna biashara inayostawi kwa kutojua kwa wanunuzi. Mtu anatangaza kwenye Facebook au kundi la WhatsApp kwamba ana gemu ya kandanda ya EA kwa shilingi elfu moja na kitu, ilhali gemu kubwa ya PS5 ikitoka huuzwa dola 70, takriban shilingi 9,000. Ukishamtumia pesa kwa M-Pesa hupati CD wala vocha. Unapata barua pepe na nenosiri la akaunti ya mtu usiyemjua. Unaingia, unamaliza bando kupakua makumi ya gigabaiti, unaambiwa uiweke mashine yako iwe mashine kuu ya akaunti ile, kisha urudi kwenye akaunti yako ucheze. Mwisho unapewa sharti: usiunganishe intaneti, na gemu itakuwa yako milele.

Gemu iliyopakuliwa ina sehemu mbili, na wengi huiona moja tu. Kuna faili kubwa lililojaza diski, ambalo limefungwa kwa usimbaji na peke yake halifai kitu. Halafu kuna leseni, faili dogo sana linaloiambia mashine ni nani aliyeruhusiwa kulifungua lile kubwa. Leseni hiyo hufuata akaunti iliyolipa, haimfuati aliyeshika padi. Sony, mtengenezaji wa PlayStation, huiruhusu akaunti moja iteue PS4 moja kuwa mashine kuu, na PS5 moja kuwa ya kugawana, na kwenye mashine hiyo kila mtu wa nyumbani hucheza kwa akaunti yake mwenyewe hata mtandao usipokuwepo. Mwenye akaunti naye anaweza kuingia kwenye mashine nyingine akacheza, ila huko lazima mtandao uwepo ili leseni ithibitishwe. Utaratibu huu ulikusudiwa watu wa nyumba moja. Muuza akaunti anazikata nafasi hizo vipande: huyu anauziwa nafasi kuu ya PS4, yule ya PS5, wa tatu ile ya kuingilia kwa mtandao. Wote watatu wanaamini wamenunua gemu. Walichonunua ni ahadi ya mtu ambaye bado anaishika barua pepe iliyofungulia akaunti, na anayeishika barua pepe hiyo anaweza kubadilisha nenosiri usiku wowote aupendao.

Sasa tuje kwenye kuzima Wi-Fi. Dai hili limedumu kwa sababu lina chembe ya ukweli. Mwenye akaunti anaweza kuingia kwenye tovuti ya Sony akaziondoa mashine zote kwa mkupuo, jambo linaloruhusiwa mara moja kila miezi sita, na nafasi iliyouzwa kwako ikawa tayari kuuzwa kwa mwingine. Mashine yako haitajua mpaka ifike mtandaoni. Ikifika, kufuli dogo linatokea kwenye picha ya gemu, na ukibonyeza unaambiwa leseni haiwezi kuthibitishwa. Kwa hiyo ni kweli kwamba kukaa nje ya mtandao huchelewesha kufuli. Huchelewesha tu, na kwa gharama ambayo muuzaji haitaji. Gemu ya kandanda bila mtandao haipati usajili mpya wa wachezaji, haina Ultimate Team, na haikukutanishi na rafiki aliye Mombasa. Huwezi kupakua gemu nyingine hata moja, hata ile uliyoilipia kihalali kwa akaunti yako. Diski ikiharibika, au fundi akiifuta mashine ili kutibu hitilafu nyingine kabisa, leseni imekwenda, na kuirudisha kunataka mtandao uleule unaoukimbia pamoja na akaunti ambayo huenda nenosiri lake limeshabadilishwa. Mteja aliyefikia hapo huwa anamlaumu fundi. Fundi hana kosa.

Kuna jambo jingine ambalo hawa wauzaji ama hawalijui ama hawalisemi. Kwenye ubao mkuu wa PS4 mna betri bapa ya CR2032 inayoitunza saa ya mashine hata stima ikipotea. Mwaka 2021 ilidhihirika hadharani kwamba betri hiyo ikifa, na mashine isiweze kufika mtandaoni kuirekebisha saa yake, PS4 inakataa kufungua gemu za kupakua na za CD pia. Sony ililirekebisha tatizo hilo kimyakimya katika programu ya mashine namba 9.00, iliyotoka Septemba 2021. Ni nani basi aliyebaki na hatari hiyo? Ni yule mwenye PS4 yenye programu ya zamani aliyeapa kutogusa mtandao. Angeweza kuingiza programu mpya kwa flashi, lakini mtu aliyefundishwa kwamba kila sasisho ni mtego hatafanya hivyo. Sharti lililodaiwa kuilinda gemu yake ndilo linaloiacha mashine nzima ikitegemea betri moja.

Hapo husikika hoja ya pili: basi tutachipi mashine, tuvunje kinga zake. PS2 zilichipiwa pwani nzima na zikacheza miaka mingi, na PS4 zenye programu za zamani zinaweza kufunguliwa vilevile. Siwezi kudanganya kwamba haiwezekani. Lakini mashine ya namna hiyo lazima ibaki kwenye programu ya zamani na mbali na huduma za Sony, kwa hiyo unarudi palepale pa kuishi kwa kujificha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, katika kifungu cha 35, inahesabu kuvunja kinga za kiteknolojia kuwa ukiukaji, na pia kusambaza vifaa vya kuzivunjia. Mwenye kibanda cha gemu anayetoza kwa mechi ana mzigo zaidi, kwa sababu leseni hizi hutolewa kwa matumizi binafsi. Na hasara haimwangukii mkosaji peke yake. Juni 2025, muda mfupi baada ya mashine yake ya Switch 2 kuingia sokoni, Nintendo ilianza kuzifungia huduma za mtandao mashine zilizotumia kadi za MIG, zinazobeba nakala za gemu. Mashine iliyofungiwa ikiuzwa mtumba, anayeumia ni mnunuzi asiyejua lolote.

Hoja nzito zaidi ni ya haki, na hiyo naiheshimu. Vijana husema: kampuni hizi zimetusahau, bei ni ya Ulaya na kipato ni cha Kilifi, na kuazimana vitu ndiyo desturi yetu. Yote ni kweli. Kenya haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network (PSN), ilhali Afrika Kusini imo, hivyo Mkenya hulazimika kufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, jambo ambalo lenyewe ni kinyume cha masharti. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti za PSN, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma, hata kwa waliokuwa tayari kuilipia. Hata CD si kinga kamili: kampuni ya Ubisoft ilizima seva za gemu yake ya The Crew mwisho wa Machi 2024, na waliokuwa na CD yake mkononi walibaki nayo bure. Mahakama nazo hazijatusaidia sana. Mwaka 2019 mahakama ya Paris iliamua kwamba gemu za duka la mtandaoni la Steam zinaweza kuuzwa tena na aliyezinunua, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikalitengua hilo. Malalamiko ni halali. Ninachokataa ni kuligeuza lalamiko kuwa sababu ya kumtajirisha mtu wa tatu asiyetengeneza gemu wala kuimiliki.

Na malalamiko ya wazi yamewahi kufua dafu. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One ingelazimika kufika mtandaoni kila baada ya saa 24, na kwamba CD ya gemu ingeweza kupewa rafiki mara moja tu, tena awe kwenye orodha yako ya marafiki kwa angalau siku 30. Sony ikajibu kwa video fupi ya kufundisha jinsi ya kugawana gemu za PS4: mtu mmoja anampa mwenzake kasha, basi. Wateja walikuja juu, na tarehe 19 Juni, kabla mashine haijauzwa hata moja, Microsoft ikaufuta mpango wote. Waliofanikisha hilo ni wanunuzi waliotishia hadharani kutonunua. California nayo, tangu Januari 2025, inamtaka muuzaji wa gemu za kupakua amwambie mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni. Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na sharti kama hilo lingefaa kudaiwa hapa.

Unayoweza kufanya leo ni haya. Ukitaka kuazimana, nunua mashine yenye tundu la CD na ununue CD, mpya au mtumba. Utaiazima, utaiuza, na hakuna wa kuifungia kwa kubadilisha nenosiri. Ukitaka za kupakua, fungua akaunti kwa barua pepe yako, chagua nchi moja ubaki nayo, lipia kwa vocha za nchi hiyo zilizotoka kwa duka la kuaminika, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Ndugu wenye mashine mbili wanaweza kugawana kihalali: kwenye PS5 nenda mipangilio, watumiaji na akaunti, kisha sehemu ya mengineyo, kwenye PS4 ingia usimamizi wa akaunti. Xbox ina utaratibu unaofanana, na mashine ya nyumbani inaweza kubadilishwa hadi mara 5 kwa mwaka. Nintendo, tangu Aprili 2025, inakuwezesha kumwazima mtu wa kundi lako la familia gemu ya kupakua kwa wiki mbili. Kama ulishanunua akaunti ya mtu, ichukulie pesa ile kuwa imepotea, ondoa kadi yoyote ya malipo uliyoiweka humo, badilisha nenosiri popote ulipolitumia lilelile, kisha unganisha mashine yako mtandaoni uisasishe. Na kabla ya kumtumia pesa muuzaji mwingine, muulize barua pepe ya akaunti ni ya nani. Asipotaja yako, funga mazungumzo.