Baridi Peke Yake Haitunzi Barafu

Kisha somo la fizike wadogo wetu walituuliza: kama kule juu kati ya nyota baridi iko kupita frigo zote, barafu inakwisha namna gani?

Si kwa joto. Kwenye baridi ya -170 °C barafu karibu haipunguki kabisa. Lakini jua linatuma pia miali isiyoonekana, inaitwa ultravioleti. Hapa Kolwezi tunaijua kwa kazi yake: liputa iliyoanikwa siku nyingi inapauka, bidoni ya plastiki inapasuka-pasuka. Na hiyo ni ile nyepesi. Ile kali inazuiwa na oksijeni na ozoni.

Kule hakuna kizuizi. Mwali mkali ukigonga barafu unavunja molekuli ya maji, hidrojeni moja inaruka pembeni. Mara nyingi vipande vinashikana tena palepale. Lakini katika vipigo elfu, vichache vinatupa molekuli nje, nayo hairudi. Punje ya barafu inakwisha hivyo, bila kutoa hata tone.

Kinachookoa barafu ni kivuli, ama vumbi juu yake (nasi tunalalamikia vumbi la malori!). Tarehe 9 Oktoba 2009 NASA waliangusha kipande cha roketi ndani ya shimo la Cabeus, karibu na ncha ya kusini ya mwezi, ambako jua halifiki. Katika vumbi lililoruka walikuta maji. Watakaoishi mwezini watayachimba humo gizani, kama watu wa Kamoto wanavyochimba shaba chini ya udongo.