Neno dogo linalogeuza maana: Kiingereza cha ofisini na hospitalini



Ukivuka mpaka kutoka Kasindi ukaingia Mpondwe, sokoni Bwera utaelewana na watu. Lukonzo ya Kasese na Kinande cha Beni na Butembo ni ndugu wa karibu sana, na Kiswahili nacho kinasaidia. Lakini fomu, barua na matangazo ya ukutani mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo maneno madogo kama "up", "down", "off" na "out" yanapowapotosha hata waliosoma.

Kiingereza huchukua kitenzi kifupi, kikakiunganisha na neno dogo, na hao wawili wakazaa maana mpya. "Turn" ni kugeuza, "down" ni chini. Lakini ukiambiwa "turn down the radio", unaombwa upunguze sauti. Na barua ikisema "your application was turned down", ombi lako limekataliwa. Usipoelewa hivyo, utaendelea kungoja jibu ambalo tayari unalo mkononi, huku siku za kukata rufaa zikipita.

Jambo hili si geni kwetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, na hakuna anayeumia. Neno linalofuata ndilo linaloamua maana. Ndivyo ilivyo kwa Kiingereza.

Tuanze na ofisini. "Fill in" ni kujaza fomu. "Hand in" ni kuikabidhi, lakini "hand out" ni kugawa. Afisa akisema "we will look into it", anasema watalichunguza jambo lako. Hajaahidi kwamba litafanikiwa.

Kwenye mgao, shika tofauti hii. "Put off" ni kuahirishwa: mgao upo, siku imesogezwa. "Called off" ni kufutwa. Ukisikia la kwanza, uliza siku mpya. Na ukiambiwa "the soap has run out", sabuni imekwisha, haikukimbia nje.

Hospitalini, "pass out" ni kuzimia, "come round" ni kupata fahamu tena, na "throw up" ni kutapika. Muuguzi akiuliza, "Did the child throw up?" usidhani anauliza kama mtoto amerusha kitu juu. Kutapika ni mojawapo ya dalili za Ebola. Juni 2019, Ebola ilithibitishwa wilayani Kasese kwa mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na familia yake, naye akapelekwa kutibiwa Bwera. Swali kama hilo linahitaji jibu la kweli, na jibu la kweli linahitaji kuelewa swali.

Kuna pia maneno yenye maana nyingi kwa wakati mmoja. "Pick up" ni kuokota kitu, kumpitia mtu umchukue, kupokea simu, au hata kujifunza lugha kwa kusikiliza. "Bring up" ni kulea mtoto, na pia ni kuleta jambo mkutanoni. Tena Uganda utasikia watu wakisema "pick" peke yake: "I will pick you at Bwera" ni nitakuja kukuchukua Bwera.

Ufanye nini basi?

Kwanza, usitafsiri neno moja moja. Sikiliza sentensi nzima, na mahali ulipo.

Pili, jua kwamba neno dogo linaweza kukaa mbali na mwenzake. "Fill in the form" na "fill the form in" ni kitu kilekile. Kwa hiyo soma mpaka mwisho wa sentensi.

Tatu, andika daftarini sentensi nzima, si neno tu. Andika "the meeting was put off until Monday", na chini yake maana yake.

Nne, uliza bila aibu. Sema, "Please say it another way", yaani tafadhali niambie kwa maneno mengine. Na kama ni mahojiano ya kesi yako au matibabu, omba mkalimani kabla ya kujibu, na kabla ya kutia sahihi.

Kama una barua ya ofisi nyumbani, itoe leo uisome tena pamoja na mtu unayemwamini. Tafuta yale maneno madogo.

Hadi kipindi kijacho, kaa salama.